Rupia, Reale na Senti yenye Tundu: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Sarafu za Pwani

Ukiulizia sarafu za kale hapa Ushongo, au ng'ambo ya mto kule Pangani mjini, jibu la kwanza utakalopata ni swali: "Unatafuta mali ya Mjerumani?" Muulizaji hana ubaya. Pwani ya Tanga imejaa hadithi za masanduku yaliyofukiwa chini ya mibuyu na Wajerumani waliokimbia vita, na hadithi hizo zina waumini wenye majembe. Juu yao wamekuja madalali wanaodai kwamba rupia fulani, eti yenye nguvu ya kuvuta punje za mchele, ina mnunuzi Dar es Salaam au Dubai aliyeshika mamilioni mkononi. Mnunuzi huyo haonekani kamwe. Kinachoonekana ni "gharama za kupima", na hizo utazilipa wewe mwenye sarafu. Hakuna sarafu inayovuta mchele, na anayekwambia ipo anakutafuta wewe, hatafuti sarafu.

Makala haya ni ya msomaji wa aina nyingine: yule aliyeshika rupia nyeusi ya babu yake, akasoma mwaka, akajiuliza nani aliipiga chapa na ilifikaje Pangani. Mtu huyo anaweza kukusanya kwa kipato cha kawaida kabisa, na pwani yetu itampa mengi kuliko anavyodhani. Ila ajue kitu kimoja kabla hajatoa shilingi mfukoni. Sarafu nyingi za huku si adimu hata kidogo. Zilipigwa kwa malaki na mamilioni. Kinachoifanya moja iwe bora kuliko mwenzake ni habari iliyokuja nayo: ilikaa kwa nani, ilipatikana wapi, ilifanya kazi gani. Kwa hiyo nunua kwa watu, usichukue ardhini, na andika siku hiyohiyo.

Nianze na hilo la ardhini, maana ndipo watu wanapoharibu.

Sarafu za fedha za zama za kati tunazo, tena za kwetu. Kaskazini-mashariki ya hapa, ng'ambo ya bahari, ipo Pemba, na pale Mtambwe Mkuu, mwaka 1984, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Kifatimi kutoka nchi za Kiarabu. Sarafu hizo za fedha ni ndogo kama magamba ya samaki. Hazikuletwa na meli. Zilipigwa na watawala wa Waswahili wenyewe, na dinari zilizofukiwa pamoja nazo zinaonyesha kwamba akiba ile ilizikwa baada ya miaka ya 1060 hivi. Upande mmoja una jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hassan, na upande wa pili una sifa ya kumtegemea Mungu, nayo inafanya kina na lile jina. Yaani ukigeuza sarafu unamaliza ubeti. Sijui dola ndogo ya Ulaya ya wakati ule iliyokuwa na adabu ya namna hiyo kwenye pesa yake.

Sasa fikiri. Kama akiba ile ingefukuliwa na mchimbaji wa usiku, zingeuzwa mojamoja kwa watalii, na leo tungekuwa na vipande 2,000 vya fedha visivyosema neno. Kwa kuwa wataalamu wa mambo ya kale walizikuta zote pamoja, pamoja na dinari zenye tarehe, tumeweza kujua kwamba Pemba ilikuwa na watawala wanaopiga pesa zao karibu miaka elfu iliyopita. Sarafu zilezile, habari mbili tofauti kabisa.

Ndiyo maana nasema: ukiokota sarafu ndogo yenye maandishi ya Kiarabu ufukweni, au kwenye magofu kama ya Tongoni, au shambani wakati wa kulima, usiitie mfukoni ukaondoka. Ipige picha ilipo, kumbuka mahali, kisha toa taarifa kwa ofisi ya utamaduni ya wilaya au makumbusho yaliyo karibu. Si hisani hiyo, ni sheria. Kwa Tanzania Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho 1979, nayo inahesabu kuwa kumbukumbu ya kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kuchimba kutafuta vitu hivyo, au kuvitoa nje ya nchi, kunahitaji kibali. Zanzibar ina sheria na idara yake. Mkusanyaji makini aweke 1863 kichwani kama dereva anavyoweka namba ya gari lake.

Baada ya mwaka huo uwanja ni mpana, na kwa mtu wa Pangani hakuna pa kuanzia pazuri kuliko sarafu za Wajerumani. Historia yake ilipita mlangoni petu. Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani, watu wakakataa, ikawa vita ya Abushiri bin Salim al-Harthi, naye akanyongwa hapohapo Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata, 1890, kampuni ileile ikatoa sarafu zake za kwanza: pesa za shaba na rupia za fedha. Ukishika pesa ya mwaka huo, ujue kamba ya Abushiri ilikuwa bado haijasahaulika sokoni ilipoanza kupita mkono kwa mkono.

Pesa hizo za shaba zina tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili, pamoja na mwaka wa Hijria: 1307, 1308 au 1309. Aliyepitia chuoni atazisoma bila shida. Rupia za kampuni, zilizopigwa tangu 1890 mpaka 1902, zina Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na nyuma kuna simba na mti wa jamii ya mnazi. Zilifuata kipimo cha rupia ya India, ambayo ndiyo watu wa pwani walikuwa wakiiamini: gramu 11.66 za fedha nzuri. Wakati huo rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya koloni ikabadili hesabu, rupia ikawa heller 100, na simba wa kampuni akatoweka. Badala yake utasoma DEUTSCH OSTAFRIKA na thamani. Chini, kwa herufi ndogo sana, tafuta A au J: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg.

Kwa anayeanza, heller moja ya shaba ndiyo mwalimu mzuri. Zipo nyingi, bei yake ni ya kirafiki, na miaka yake inaanzia 1904 na kuishia 1913, kwa hiyo unaweza kujiwekea lengo la kupata kila mwaka, kisha kutafuta za A na za J. Lengo dogo linakufundisha macho. Utaanza kuona kwamba taji moja limelika na lingine bado lina misalaba yake, kwamba kuna shaba iliyokaa kwenye mfuko wa mtu na shaba iliyokaa kwenye udongo wa chumvi. Baada ya hapo ingia kwenye heller 5 na heller 10 zenye tundu, halafu robo rupia, halafu rupia.

Kuna za Tabora pia, za mwaka 1916. Vita ilipofunga bahari, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe kwenye karakana ya reli ya Tabora: heller 5 na heller 20 za shaba nyekundu na ya njano, zenye herufi T. Ni mbaya mbaya, zimekaa upande, na mimi nazipenda kuliko zote za Berlin. Karakana hiyohiyo ilitoa sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo na mlima nyuma yake. Zilipigwa 16,198 tu, kwa dhahabu ya Sekenke. Hapa nataka unisikilize vizuri: tembo utakayeuziwa kwenye baraza au kituo cha basi si yule. Nakala zake zimejaa, za shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu. Yule wa kweli ana uzito wa gramu 7.1 hivi na hana sababu ya kuuzwa chini ya mwembe kwa bei ya simu.

Reale nayo ina kisa chake. Wazee wanaposema reale, mara nyingi wanamaanisha ile sarafu kubwa ya fedha yenye mama mnene aliyejifunika ushungi, Maria Theresa wa Austria. Mwaka wake siku zote ni 1780, mwaka aliofariki, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu hawakutaka nyingine. Basi viwanda vya Vienna, na baadaye Roma, London, Bombay na kwingineko, viliendelea kuipiga na mwaka uleule hadi karne ya ishirini. Upande wenye tai mwenye vichwa viwili unataja vyeo vyake kwa Kilatini cha mkato, na kimojawapo ni kuwa mtawala wa Burgundy, dola ya kale ya Ulaya ambayo wakati huo ilikuwa imebaki jina tu. Kwa hiyo cheo cha nchi isiyokuwepo kilinunua karafuu Unguja na pembe za ndovu Pangani, na hakuna aliyelalamika, mradi uzito ulitimia.

Uzito ndio utakaokulinda nawe. Reale ya kweli ina gramu 28 na kidogo. Halafu itazame ubavuni: ukingo wake una maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyochongwa kuzunguka, na mapambo katikati yake. Reale ya bandia ya kumiminwa kwenye kalibu kwa kawaida ina ukingo laini, au mstari mwembamba wa kiungo unaozunguka kama mshono wa ndala. Na kwa kuwa huwezi kujua kwa urahisi kama reale uliyoshika ni ya kabla au baada ya 1863, usiivushe mpaka wa nchi kabla hujaulizia wahusika.

Kutoka Unguja zipo pesa za shaba za Sultani Sayyid Barghash, zenye mwaka wa Hijria 1299, yaani 1882 hivi, na alama ya mizani. Usizichanganye na pesa za Mombasa za mwaka 1888, nazo zina mizani vilevile, ila hizo zina jina la Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Nimeona mtu akiuza moja kwa jina la nyingine kwa nia njema kabisa.

Mwenye fedha kidogo kuliko wote aanze na shilingi za Afrika Mashariki. Shilingi yenye simba na milima, iliyoanza 1921, ilikuwa na robo tu ya fedha mpaka 1946. Zilizofuata hazina fedha kabisa. Zipo kwenye makopo ya kila nyumba. Na ukikuta senti 5 au 10 yenye tundu ya mwaka 1936, soma jina. Wengi husoma mwaka wakaiweka chini. Mwaka ule ufalme ulipitia mikono mitatu, na Edward wa Nane aliachia kiti Desemba kabla Uingereza haijatoa hata sarafu ya kawaida yenye sura yake. Lakini senti zetu zilikuwa na tundu, hazikuhitaji sura, kwa hiyo jina lake, EDWARDVS VIII, likapigwa na likatumika sokoni. Watu Ulaya wanazitafuta; kwetu zimefungwa kwenye kamba pamoja na funguo.

Vifaa si vingi. Mizani ndogo ya sonara inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu, sumaku, lenzi ya kukuzia, rula. Fedha, shaba na dhahabu havinaswi na sumaku. Sarafu ikirukia sumaku, mrudishie mwenyewe na umshukuru. Isiponaswa bado hujamaliza, maana shaba ya njano nayo hainaswi. Pima uzito. Kisha tazama uwanda wa sarafu kwa lenzi: vitundu vidogo kama vya mkate ni dalili ya kuyeyushwa na kumiminwa, kwani sarafu ya kweli ilipigwa kwa nguvu ya mashine na uwanda wake ni mnyofu. Mlio wa kuidondosha juu ya jiwe, ambao wazee wanauamini, mimi siutumii. Unaacha kovu.

Sasa kusafisha, jambo linaloua sarafu nyingi kuliko bahari. Pwani tumezoea fedha ing'ae. Sonara huchovya kikuku kwenye ukwaju, mama husugua sinia kwa majivu na limau, na mjukuu akitaka kukufurahisha ataichukua rupia ya babu, ataisugua kwa mchanga na dawa ya meno, kisha atakuletea kitu cheupe kinachometameta kama kifuniko cha soda. Itazame kwa lenzi: mikwaruzo elfu moja inayokwenda upande mmoja, na masharubu ya Kaiser yamekuwa uvimbe. Ule weusi ulioondolewa ulikuwa ngozi ya sarafu, uliotengenezwa polepole na hewa kwa miaka mia, nao ulikuwa unailinda. Haurudi. Mnunuzi mjuzi ataipa sarafu hiyo bei ya madini tu.

Kitu pekee ninachokubali ni kuondoa chumvi na uchafu uliolegea. Maji ya bomba na ya kisima huku yana chumvi. Tumia maji yaliyosafishwa yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri, ila hakikisha si yale maji makali ya asidi. Loweka, badilisha maji kila baada ya siku chache, usisugue, kausha kivulini juu ya kitambaa laini. Shaba inayotoa unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta ina chumvi ndani yake; itenge na wenzake mara moja, iloweke kwa muda mrefu, kisha iweke mahali pakavu kuliko pote nyumbani mwako. Unga huo si uzuri wa ukongwe.

Pakavu, hilo ndilo tatizo la Ushongo. Upepo wa bahari unaingia mpaka kabatini, na wakati wa masika hata chumvi ya mezani inakuwa uji. Usitie sarafu kwenye mifuko laini ya plastiki inayonuka. Plastiki hiyo hutoa utelezi wa kijani unaokula shaba. Usizifunge kwa mipira ya raba, kwani raba huichafua fedha kwa mistari myeusi. Bahasha ndogo za karatasi nyeupe, kila sarafu na yake, ndani ya kopo la kioo lenye mfuniko wa kukaza, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vipakiti hivyo huchoka, badilisha. Ukikuta sarafu ina utelezi wa plastiki tayari, asetoni safi itauondoa, ila ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato usiiguse.

Kununua kwa watu kuna adabu yake, na hapa haraka haina baraka kweli. Hutaingia uani kwa mtu ukauliza "mna sarafu?" Utapiga hodi, utaamkia, utaulizwa kwenu wapi, utakunywa chai. Kuna bibi mmoja ng'ambo ya mto aliyenifungulia kasha akatoa rupia ya 1910 yenye kishikio kilichotiwa lehemu kwa ajili ya mkufu. Nikamuuliza, kwa heshima, kama angependa kuiuza.

"Mjukuu wangu, hii ni ya mama yangu. Baba yake aliilipwa kwenye mkonge, wa Kikokwe huko. Siuzi. Lakini piga picha, andika."

Kwa mwenye orodha za bei, rupia yenye lehemu imeharibika. Kwangu mimi ilikuwa bora kuliko zote nilizoziona mwaka ule. Kikokwe, hapa kusini ya mto, ndipo ilipopandwa miche 62 ya mkonge iliyosalia hai kati ya ile aliyoiagiza Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kutokana na hiyo mkonge wa Tanga ukaenea. Rupia za mshahara wa mashamba zilikwenda kulipa kodi ya kibanda, zikarudi kwa Mjerumani. Hii moja haikurudi. Ilitiwa kishikio, ikawa shingoni mwa binti. Nina picha zake mbili na ukurasa mmoja wa maneno ya bibi, na huo nao ni ukusanyaji. Kwa nini uing'ang'anie mali ya mwenzio?

Anayekubali kuuza mlipe bei ya haki. Ukijua kwamba kitu kina thamani kuliko anavyodhani, mwambie. Mji huu ni mdogo, na mkusanyaji aliyemdhulumu mzee mmoja Pangani hatafunguliwa kasha lingine mpaka Kipumbwi.

Kisha andika, kabla hujalala. Kwenye bahasha weka namba. Kwenye daftari, namba hiyohiyo na mambo haya: sarafu gani, mwaka, uzito, alama ya kiwanda, umepata kwa nani kama amekubali kutajwa, kijiji gani, alisema ilikujaje kwake, umelipa ngapi. Maneno ya mwenyewe yaandike kama alivyoyasema, na lafudhi yake. Ukiwa na simu, piga picha ya pande mbili na ya ukingo pembeni ya rula. Daftari liandikwe kwa kalamu ya risasi au wino usioyeyuka, kwa sababu ileile ya unyevu.

La mwisho ni kuhusu ndugu walio nje. Mtoto wa shangazi yuko Muscat, rafiki yuko Hamburg, anakuomba umtumie rupia moja au mbili za ukumbusho ndani ya barua, au umpe mtalii aliyelala kwenye mabanda ya ufukweni akapeleke. Heller ya 1908 haitakuletea shida kubwa, lakini ofisa wa uwanja wa ndege hana wajibu wa kuijua tofauti yake na sarafu ya Kilwa. Pata barua kutoka makumbusho au idara ya mambo ya kale kabla kitu hakijaondoka, hata kama unaona ni usumbufu, na kitu chochote chenye maandishi ya Kiarabu usichoweza kukisoma mwaka wake kisitoke kabisa. Mtumie picha.